Umepoteza nini, baba?

Tangu nianze mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa, swali hilo nimeshaulizwa mara nyingi kuliko "habari za asubuhi". Mara ya kwanza ilikuwa Uru, juu ya mji wa Moshi, kwenye kijia kinachofuatana na mfongo, mfereji wetu wa maji. Nimepiga magoti, mkono mmoja umeingia kwenye mizizi ya mti hadi kiwikoni, wa pili umeshika simu inayonidanganya kwamba nimebakiza mita tatu. Nikasikia sauti mgongoni.

"Umepoteza nini, baba?"

Bibi mmoja, mkungu wa ndizi kichwani, panga mkononi, amesimama kama mtu asiye na haraka yoyote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umepoteza nini?"

Nikasema funguo. Ndugu msomaji, siku ukibanwa hivyo usiseme funguo. Sema lolote jingine. Ndani ya dakika tano bibi alikuwa ametua mkungu na kumwita mjukuu, mjukuu kaja na wenzake wawili, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anashuka na abiria wake kazima pikipiki, yeye na abiria wote wameinama. Abiria akauliza ni funguo za nyumba au za gari. Nikasema za gari. Akauliza gari liko wapi. Mimi nilipanda kwa daladala. Nikajibu maneno ambayo mwenyewe sikuyaelewa.

Ndipo mtoto mmoja akaibuka na matope mpaka puani: "Funguo hakuna, ila kuna kopo."

Lilikuwa ndilo. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, limefungwa mfuko mweusi. Wakalifungua kabla sijapata la kusema. Ndani: kipande cha penseli, sarafu ya kigeni, kimdoli cha mjusi wa zamani, na karatasi iliyoviringishwa na kufungwa mpira, imeandikwa majina ya watu na tarehe.

Kimya.

Hebu litazame jambo lile kwa macho yao. Majina ya watu, yamefungwa, yamewekwa gizani chini ya mti, mpakani mwa kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani la ukoo. Ningetumwa nitengeneze kitu kinachofanana na uchawi nisingepatia namna ile. Halafu, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitilia maanani kwa sababu macho yalikuwa kwenye simu, aliyelificha alikuwa amelipenyeza katikati ya masale. Mtu wa mbali ataona majani marefu ya kijani, mazuri ya kufichia. Mchagga ataona mpaka. Ataona makaburi ya wazee waliozikwa kihambani, na ataona jani ambalo ukimpelekea mtu uliyemkosea, umemwomba msamaha na si rahisi akukatalie. Huchezichezi na masale.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza moja tu: "Haya majina ni ya nani?"

Nikaeleza yote, nusu saa nzima, nikionyesha simu, nikichora chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hawapati chochote? Wanafurahi tu?"

"Wanafurahi tu, bibi."

"Haya. Liondoe hapo kwenye masale, liweke kule kwenye jiwe."

Nikaliweka kwenye jiwe. Bodaboda akawasha pikipiki, akafikiri kidogo, akazima tena. "Na funguo?"

Kwa ambaye hajawahi kuusikia mchezo huu, unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha chombo, anapima pale mahali kwa GPS, anaweka namba za latitudo na longitudo kwenye intaneti, na wewe unakitafuta. Ukikipata unaandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyomo, unakirudisha palepale, unaripoti kwenye programu. Ukichukua kitu kilichomo, unaacha kingine cha thamani ileile au zaidi. Basi. Ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa inayavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, kifaa kinaweza kukosea mita mia. Rais Clinton akaamuru uvurugaji ule uzimwe, na Mei 3 bwana mmoja, Dave Ulmer, akaenda kuficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake. Ndani aliweka vitu mchanganyiko, likiwemo kopo la maharage. Leo makopo yamepita milioni 3 duniani, na machache yako huku kwetu.

Mimi ni dereva wa watalii. Kazi yangu nusu ni kuendesha, nusu ni kusubiri, na kusubiri ndiko kulikonitia kwenye mchezo huu. Mgeni mmoja aliniambia nisimame barabarani pasipo na mnyama wala mandhari, akashuka, akatoweka nyuma ya jiwe, akarudi anacheka peke yake. Nilidhani anajisaidia. Aliponieleza nikaingiza programu kwenye simu usiku uleule.

Sasa tuje kwenye maswali, maana wenzangu niliowaambukiza wananiuliza yaleyale kila wiki.

La kwanza ni namba. Mwenzangu alinipigia akiwa amekasirika kabisa: amefika, hakuna kitu, mchezo wa kitapeli. Namba zilikuwa za Moshi mjini, kusini 03° 20.500. Yeye alizisoma digrii 3, dakika 20, sekunde 50. Lakini mchezo huu hautumii sekunde, unatumia dakika na desimali. Hiyo ni dakika 20 na nusu. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,850, kwa hiyo kosa lake lilimtupa zaidi ya mita 600 kusini, na longitudo nayo akaisoma vilevile ikamsukuma mashariki. Alikuwa amepekua ua wa watu wasiohusika. Mwingine aliandika kaskazini badala ya kusini. Huyo simu ilimwambia kopo liko umbali wa kilomita zaidi ya 700, akaniuliza kama kuna basi la asubuhi. Ukiipindua Moshi juu ya mstari wa ikweta unaangukia Kenya, kwenye jangwa la Chalbi upande wa Marsabit. Basi la asubuhi sidhani.

La pili: "mshale unacheza". Unacheza ndiyo. Simu inasikiliza setilaiti zilizo umbali wa kilomita kama 20,000 juu, inahitaji angalau nne ili ijue ilipo, na wewe umesimama chini ya mparachichi, katikati ya migomba, majani yamelowa, korongo kushoto na kulia. Mawimbi yanafika yakiwa yameshagonga huku na huku. Mahali pa wazi simu hukosea mita tano hivi. Kwenye migomba ya Uru au Kibosho nimeona ikiruka mita 20 huku nimesimama tuli. Na usisahau kuwa aliyeficha naye alikuwa na simu ya namna hiyohiyo, na alipimia chini ya migomba hiyohiyo. Makosa mawili yanakutana. Hata Kibo wenyewe, kilele cha Kilimanjaro, tulifundishwa shuleni ni mita 5,895, na mwaka 1999 wataalamu wakaja na GPS zao wakapata 5,892. Kama mlima mzima umepunguzwa mita tatu, kopo la ukubwa wa ngumi ni nani?

Kwa hiyo ninavyofanya mimi: zikibaki mita kumi naweka simu mfukoni. Natazama. Jiwe lililokaa juu ya majani makavu badala ya chini yake. Magome yaliyosimamishwa. Vijiti vitano vilivyolala sambamba, kwa sababu porini vijiti havijipangi.

La tatu ni makopo kupotea, na hapa nina ugomvi na walioandika maelekezo ya mchezo. Maelekezo yanashauri chombo kizuri, kigumu, kisichopitisha maji. Wanaoandika hivyo wanaishi mahali ambapo kopo zuri likikutwa kichakani linaonekana ni takataka. Hapa kopo zuri lenye mfuniko wa kubana ni la chumvi. Ni la majani ya chai. La chuma ndilo usiseme. Hilo kabla ya Jumamosi liko kwenye mzani wa chuma chakavu. Silaumu mtu. Mama anayetoka kukata majani ya ng'ombe, akaona chombo safi hakina mwenyewe, afanye nini, alipigie saluti? Tangu nijue hivyo natumia kopo la vidonge la plastiki, lile jeupe la dukani kwa dawa, nalikwaruza kwa msasa, nalipaka udongo, nalizungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Likiwa baya kiasi kwamba hata mimi sitaki kulishika, limekuwa tayari.

Karatasi ni habari nyingine. Masika, Machi mpaka Mei, haina rafiki. Nimefungua makopo nikakuta uji. Umeshuka korongoni, umeanguka mara mbili, umepata kopo, halafu hakuna pa kuandika jina, kalamu imevimba. Wengi wanaandika kwenye programu "nimelipata, karatasi imelowa, mwenye nalo aje atengeneze". Mwenye nalo yuko wapi? Amesharudi Ulaya. Kanuni inasema wazi kwamba ukificha kopo uwe na uwezo wa kulitunza, siyo kuliacha likizoni na kupanda ndege, lakini wapo wanaojipitisha kwa kusema wana rafiki huku. Yule rafiki, mara mbili sasa, nimegundua kuwa ni mimi. Sikuulizwa. Nimeachiwa makopo kama mtu aliyeachiwa paka wa jirani.

Na kuna hili ambalo halimo kwenye kanuni yoyote. Kila kopo hupewa nyota, moja hadi tano, za ugumu wa kulipata na ugumu wa njia. Nyota za watu hakuna. Mchezo unakutaka utafute bila kuonekana na wasiohusika. Bila kuonekana, Moshi! Mahali ambapo ukipita mbele ya nyumba bila kusalimia, jioni kikao kinajadili wewe ni mtoto wa nani.

Tena kuonekana kwenyewe si sawa kwa wote. Mzungu akiinama chini ya mti ni mtalii, watoto wanampungia. Mimi nikiinama chini ya mti uleule, nina viatu vya vumbi na macho yanazunguka, ni mwizi wa kahawa. Arusha mjini, jengo silitaji, nilikaa kwenye benchi la nje nikawa napapasa chini yake polepole. Mlinzi akanijia, akasimama mbele ya miguu yangu.

"Unaweka au unatoa?"

Swali zuri sana, nakiri. Nikasema natafuta. Nikaonyesha simu. Akaisoma yote taratibu, akasogeza mpaka chini, akaniambia twende ndani nikajiandikishe. Saa nzima. Jina, kabila, namba ya simu, mwajiri, unatafuta nini, nani kakutuma. Walikuwa na adabu, na walikuwa na haki: mtu anayepapasa chini ya viti vya jengo la watu unamwachaje? Kilichonichoma ni kwamba kabla yangu watu kumi na wawili waliandika wamelipata, na mmoja alisifia kuwa "pametulia, hakuna usumbufu". Majina yao yote ya kigeni. Kidude chenyewe kilikuwa cha sumaku, kidogo kama nati ya baiskeli. Niliripoti kuwa mahali pale hapafai. Kanuni zenyewe hazitaki makopo sehemu za namna hiyo, zinataka ruhusa ya mwenye mahali, na siamini kama aliyekiweka alimuuliza hata mfagiaji.

Baada ya hapo nikaamua langu nitalificha kwa kuomba. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliniweka kwenye kiti, akamaliza kusoma barua aliyokuwa nayo, akanigeukia.

"Kwa hiyo mtu atoke Ujerumani, apite Kilimanjaro yote, aje aandike jina lake kwenye kikaratasi chako."

"Ndiyo, mzee."

"Anakulipa?"

"Hapana."

"Wewe unamlipa?"

"Hapana, mzee."

"Siasa imo?"

"Haimo."

Akafikiri. "Nani atalilinda?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikaanza kumweleza kwamba ndiyo maana linafichwa, likifichwa halihitaji mlinzi. Aliniangalia kwa huruma. Akanituma kwa mama mwenye genge karibu na pale, nimweleze naye. Nilimweleza. Kopo langu hilo limepita masika mawili. Siku moja vijana waliokuwa wanafyeka majani walilifukua, mama akawapigia kelele kutoka gengeni: "Rudisheni, hilo lina mwenyewe!" Baadhi ya wachezaji wamenilalamikia kuwa mama anawatazama wakitafuta, na eti mara nyingine anakohoa wakikaribia. Mimi nasema akohoe tu.

Lakini nilitaka kusimulia mwisho wa lile la Uru.

Mwaka uliofuata nilianza kuona kwenye ukurasa wake ripoti mbaya. Sijaliona. Sijaliona. Mtu mwingine, siku nyingine: limeondoka, tumetafuta dakika arobaini. Halafu ghafla: nimelipata, zuri sana. Halafu tena sijaliona mara mbili. Halafu nimelipata, na chini yake maneno haya: "asante kwa ndizi". Nikadhani ni utani wa kigeni, maana wana utani wao. Mwenye kopo, ambaye yuko mbali huko, akaniandikia kwa upole kama ningeweza kwenda kuangalia, na kama halipo, alifute.

Nilipanda Jumapili mchana, Aprili, mvua imekatika kidogo, kijia chote utelezi. Nikaenda moja kwa moja kwenye jiwe. Hakuna. Nikatazama kwenye masale bila kugusa. Hakuna. Nikapiga magoti palepale pa zamani nikaanza kupekua mizizi, na nilivyokuwa natafuta nikawa natunga kichwani ile ripoti ya kulifuta.

"Umepoteza nini, baba?"

Safari hii hakuwa na mkungu. Alikuwa mlangoni kwake, ng'ambo ya mfongo, mikono imelowa, anaosha vyombo. Nyumba ile ilikuwa pale siku zote. Nilishapita mbele yake mara nne na hodi sikupiga.

"Shikamoo bibi. Natafuta lile kopo."

"Si liko ndani," akasema, kwa namna ya kumwambia mtoto aliyevaa kofia anayotafuta. "Nililitoa mvua zilipoanza. Lingeoza."

Nikavua viatu. Lilikuwa juu ya kabati la vyombo, katikati ya thermosi na picha ya kipaimara, limefutwa limeng'aa. Akaniwekea kiti, akaniwekea ndizi za kuchemsha na chai, ndipo akanipa kopo. Nikafungua. Karatasi kavu kabisa. Tangu masika yaliyopita watu watano wameandika majina yao, mwandiko umetulia, wa mtu aliyeandikia mezani. Nikazilinganisha tarehe na simu. Waliosema hawakuliona walikuwa tisa.

"Na wale wengine, bibi? Walikuja wengi."

"Niliwaona. Walikuwa wanazunguka pale kwenye jiwe na simu zao." Akakung'uta kitambaa. "Hawakusalimia, ningewaambia nini?"

Sikujua nimwandikie nini mwenye kopo. Kwa kanuni, kopo lililohama mahali pake si halali, na namba zile zinaonyesha jiwe, hazionyeshi kabati la vyombo la mtu. Nikasema nitafikiri nikifika nyumbani. Mpaka leo sijamwandikia.

Wakati naaga bibi alinisindikiza mpaka kwenye mfongo, akashika mkono wangu. Akaniambia nikipanda tena nilete penseli, ile watoto wameimaliza, na karatasi yenye mistari, kwa sababu wageni wanapindisha.